Kamba ya Candiru

Koboko, 9 Februari 2025

Mwanangu Poni,

Salaam nyingi kwako na kwa mumeo Kenneth. Mimi ni mzima, ila masikio, na hayo umeshayazoea. Tangu ile homa iniachie uziwi, watu hapa wameacha kunisalimia kwa maneno. Wananipungia mikono tu, kana kwamba napita juu ya lori. Ndiyo maana napenda barua. Simu uliyoniletea ina herufi kama sisimizi, nikizikodolea zinatembea. Wewe mpe Swaibu barua zako. Kila wiki yuko njiani na mizigo ya watu kati ya Arua na hapa, na karatasi haimzidishii mzigo.

Unauliza habari za mpakani. Huku shwari. Watu wanajiandaa kidogo, lakini unatujua sisi wa Koboko: mbuzi akipiga chafya ng'ambo ya mto Kaya, huku tunafunga mizigo. Muhogo unaanikwa hadi juu ya mapaa. Simsim inasagwa na kushindiliwa kwenye makopo. Candiru, jirani yangu, ameshona majina ndani ya kola za mashati ya wanawe, na kila asubuhi kabla ya uji anawahoji: "Wewe ni nani? Baba yako ni nani? Ukipotea utamwambia mtu nini?" Yule wa mwisho hujibu kwamba yeye ni simba. Mama yake anarudia swali, naye anarudia simba.

Mzee Loku, si unamkumbuka, yule mwanajeshi mstaafu? Amejipa ukuu wa mtaa mzima. Alitukusanya uwanjani akatufundisha. "Bunduki ikilia, mutu asikimbie barabarani! Barabara iko ya gari na ya risasi. Pita shambani. Na musiende kundi moja." Kisha akapuliza filimbi ili tufanye mazoezi. Wote walitimka, nikabaki peke yangu katikati ya uwanja nikiwatazama migongo. Candiru ndiye aliyerudi kunishika mkono. Loku alikuna kichwa, nikamsoma mdomoni: "Huyu sasa iko taabu."

Basi Candiru akatoa dawa. Amefunga kamba kutoka kitandani kwake, imepita dirishani, imevuka ua, imeingia dirishani kwangu, na ncha yake naifunga kifundoni mwa mkono ninapolala. Akisikia kitu, anavuta. Siku ya kujaribu alivuta kwa nguvu nikaanguka kitandani kama gunia. Tulicheka mpaka watoto wakaja kutazama.

Nitumie maturubali makubwa kutoka sokoni Arua, na jerikani kadiri Swaibu atakavyoweza kubeba. Ni za biashara. Na choo changu kimetitia, nachimbisha kingine.

Habari za mama yako mzazi, Elena, sina bado. Nikizipata utazipata.

Mama yako,
Zuhurah


Arua, 17 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Barua yako imefika, na maturubali haya hapa. Mimi na tumbo langu hatujambo. Mtoto anacheza vizuri. Niko na kazi nyingi za kushona, usishangae nikikawia kujibu.

Mama, njoo Arua. Kenneth ametoa vyuma vyake vyote kwenye kile chumba cha nyuma, amekipaka chokaa na kuweka kitanda. Kamba ya Candiru ni nzuri, nimecheka nilipoisoma, halafu nikalia. Kamba si masikio, Mama. Candiru akiwa mtoni je? Akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni je?

Unasema watu wanajiandaa. Mimi najua wanavyojiandaa watu ambao hawajawahi kukimbia, na najua wanavyojiandaa waliowahi. Mwaka ule wa 2016 nilikimbia kutoka kwetu Morobo, Sudan Kusini, na sare ya shule na kitabu cha hesabu. Hesabu yenyewe nilikuwa siiwezi. Mama Elena alikimbilia upande wa Kongo na mlango wa nyumba kichwani. Aling'oa mlango! Watu walimcheka njiani, naye akawajibu kwamba ukuta utaufinyanga popote penye udongo, mlango nani atakupa. Leo nikiulizwa, nitabeba chumvi, sabuni, sufuria yenye kifuniko, na kitenge kipana. Hakuna anayekuambia kwamba njiani utahitaji kitenge wenzio wakuzungushie unapojisaidia, maana wanaume na watoto wote mko porini pamoja. Mwambie Candiru awafungie wanawe kitenge.

Simu ya Mama Elena haipatikani tangu Krismasi. Nilimsihi asirudi kule, akasema ardhi isipolimwa inamsahau mwenyewe. Najua mwanangu ana mabibi wawili, mmoja haniitikii na mwingine hanisikii. Usikasirike, ni utani.

Njoo.

Mwanao,
Poni


Koboko, 28 Februari 2025

Mwanangu Poni,

Kesho tunaanza kufunga, inshallah. Candiru, pamoja na Ukristo wake, ameahidi kunivuta kwa kamba kila alfajiri nile daku. Anasema kwa kuwa kamba ipo, acha itumike.

Sasa nikuulize. Mwandiko wako una nini? Mimi ndiye niliyekufundisha Kiswahili na kuandika kwake, pale jikoni kwangu, ulipofika na Kiarabu chako cha Juba na lugha ya kwenu. Nilikufundisha kama nilivyofundishwa mimi shule ya kambi ya wakimbizi, mgongo wa herufi wima kama askari. Barua yako yote imelala chali. Mistari inapanda mlima kisha inateremka. Kama una haraka na kazi zako za kushona, niandikie mistari miwili ya adabu, nitaridhika. Barua ya kurushwa kama makapi siitaki.

Arua siji. Mshukuru Kenneth kwa chokaa, mwambie sikudharau chumba chake. Lakini mtu haiachi nyumba kwa sababu jirani wa ng'ambo anapigana. Marehemu mume wangu amelala hapa. Kuku wangu wanataga hapa. Na mimi nina shughuli.

Jerikani zimefika, ziongezwe.

Kula vizuri. Usiinue ndoo.

Mama yako,
Zuhurah


Arua, 11 Machi 2025

Mama,

Sikurusha barua kama makapi. Sitasema zaidi kuhusu mwandiko.

Swaibu amemwambia Kenneth, na Kenneth ameniambia. Umenunua mabeseni yasiyo na hesabu. Una mikeka imepangwa mpaka darini. Na hicho choo kilichotitia, ni choo gani kinachochimbwa na wanaume wanne? Unachimba handaki? Umeamua kujifukia humo na kuku wako mpaka vita vipite? Niambie ukweli, maana mimi hapa nalala naona shimo tu.

Mwanangu wa kwanza alitoka kabla ya wakati wake, na wewe ndiye uliyemvika sanda ndogo, mimi sikuweza hata kumtazama. Nakumbuka mikono yako. Huyu nataka azaliwe akukute. Nimekuomba kwa upole na sasa nakuomba kwa hasira. Kama hutaki kuja kwa ajili yangu, njoo kwa ajili yake.

Na usiende mpakani kuuliza habari za Mama Elena. Watu wanasema risasi zinavuka.

Poni


Koboko, 19 Machi 2025

Mwanangu,

Hasira yako nimeipokea, nimeiweka mahali pazuri.

Si handaki. Ni choo kweli, ila ni choo cha watu wengi. Nimekificha kwa sababu nilijua utasema, Mama, wewe kiziwi, wewe mjane, unataka kubeba dunia. Sijiandai kukimbia, Poni. Najiandaa kupokea.

Mwaka wa 1980 nilikuwa msichana mdogo. Baba alikuwa askari wa serikali iliyoanguka, na wakati ule kuwa mtoto wa askari wa Koboko ilikuwa hukumu tosha. Tulivuka kwenda Sudan kwa miguu, mimi, mama na wadogo zangu. Kila nyumba tuliyopita watu walisimama mlangoni wakituuliza: nyinyi ni nani, mmefanya nini, mnakwenda wapi? Mama alijibu mpaka sauti ikakauka. Jioni tukafika kwa mwanamke mmoja karibu na Yei. Hakuuliza lolote. Alikuwa amefagia, maji ya moto yako tayari, na ua wake una choo. Alituosha miguu, sote, kama watoto wake. Kesho yake ndipo alipouliza majina. Mimi nikamwuliza mama, alijuaje tunakuja? Mama akasema, hakujua, alijiandaa tu.

Wewe ulipofika kwangu na kile kitabu cha hesabu, sikuwa nimejiandaa. Nilikupa uji wa baridi. Hilo wewe hulikumbuki, mimi nalikumbuka.

Sasa wakija, watakuta mikeka, maji, unga na mahali pa kujisitiri. Mzee Loku ananisaidia na vijana wa mtaa. Candiru ananiamsha daku kila siku, kamba haijakosa hata mara moja, usiwe na wasiwasi.

Na mama yako nasikia hajambo, yuko shambani kwake. Nikikuambia neno moja zaidi, usimwambie. Siku ya arusi yako aliniambia, "Asante kwa kunitunzia." Alisema kwa heshima. Lakini neno lile lilinikaa kama mwiba wa samaki, kana kwamba nilikuwa ghala. Nimelimeza sasa. Mkeka wake nimeuweka karibu na wangu.

Zuhurah


Koboko, 23 Machi 2025

Mama Zuhurah na dada Poni,

Mimi Swaibu dereva ndiyo naandika. Barua iko moja, nimeandika mara mbili, kila mutu apate yake. Mimi si mutu ya kuandika, munisamehe makosa.

Nimechoka. Kila wiki nabeba nyanya, nabeba samaki, nabeba betri, hiyo yote haina taabu. Lakini nabeba uongo ya kwenda na uongo ya kurudi, na mimi nimeapishwa pande mbili. Mama aliniapisha na Korani. Dada aliniapisha na Biblia. Nimeuliza sheikh, nimeuliza pastor, wote wanasema sema ukweli.

Mama Zuhurah, Poni hayuko Arua anashona. Iko Kuluva, hospitali, tangu Februari. Alitoka damu. Daktari alisema asiamke kitandani mpaka azae, ndiyo mtoto atapona. Anaandika amelala chali, karatasi juu ya kipande ya mbao. Ndiyo maana mwandiko inalala. Alisema, Mama akijua ataacha nyumba akimbie huku na barabara si nzuri.

Dada Poni, Candiru hayuko. Risasi ilivuka ikatoboa bati ya nyumba yake wiki ya kwanza ya mfungo, akachukua watoto akaenda kwa kaka yake kule Dadamu. Alitaka kwenda na Mama, Mama alikataa. Mutu ya kuvuta kamba hakuna. Na Mama anaenda mpakani kila siku ya soko. Aliambiwa nyumba ya mama yako Elena ilichomwa, na yeye hakuna aliyemuona.

Nimemaliza. Mukinikasirikia, sawa. Barua nitabeba bado.

Swaibu


Kuluva, 24 Machi 2025

Mama,

Leo naandika mahali nilipo kweli.

Ile kamba sasa umeifunga kwa nani?

Nimekaa na swali hilo tangu Swaibu atoke. Nakuona umelala na ncha moja mkononi, na ncha ya pili iko kwenye nyumba tupu yenye bati lililotobolewa. Kenneth alitaka kuja kukuchukua kwa nguvu, nikamzuia. Wewe si mzigo.

Nisamehe kuhusu mwandiko. Nilipenda ufikiri nimekudharau kuliko ujue nimelala hapa. Damu imekata sasa. Nesi mmoja, Ritah, huniwekea mto chini ya miguu na kuniambia kila asubuhi, "Leo tumeongeza siku nyingine." Mtoto anacheza, hilo sikudanganya.

Kuhusu Mama Elena sijui niandike nini. Nimejaribu kulia lakini wamenikataza kulia kwa nguvu. Kama uko pale kwa ajili ya kumngoja yeye, siwezi kukuambia njoo. Na kukuambia kaa, mdomo wangu hauwezi. Wewe ni mama yangu, yeye ni mama yangu. Nichague nini, Mama?

Poni


Koboko, 27 Machi 2025

Mwanangu,

Nakuja. Idi iko karibu, nitaswali na wenzangu, nile nao kidogo, kisha Swaibu anichukue siku hiyo hiyo. Mfuko uko tayari mlangoni. Unga na mikeka nimemkabidhi Mzee Loku.

Kamba nilikuwa nikiifunga kwenye nondo ya dirisha lake. Mkono ulishaizoea, bila hiyo haulali. Usicheke.

Lala chali, andika chali, mwandiko ukitaka ulale na miguu juu. Nilikuonea.

Mama yako


Koboko, 31 Machi 2025

Mwanangu Poni,

Ukipata barua hii utakuwa umeshamwona aliyeileta, basi hofu imekutoka. Nikueleze ilivyokuwa.

Kwangu mimi vita vilianza kwa macho. Asubuhi ya Idi tulikuwa uwanjani, swala imekwisha, watu wanapeana mikono. Ghafla nikaona vichwa vyote vimegeuka upande wa mpaka kwa pamoja, kama mtama upepo unapoupitia. Kunguru wakaruka kutoka kwenye mti wa msikiti. Mikono iliyokuwa inasalimiana ikawa inashikana. Nikajua. Hapakuwa na wa kunivuta, wala sikuhitaji.

Watu walipita shambani kama Loku alivyofundisha, watoto mbele, hakuna aliyekanyagwa. Lakini vita havikuvuka. Vilibaki ng'ambo, moshi tukauona. Mchana ndipo walipoanza kuja watu wenyewe. Poni, sijui niseme nini, wewe unawajua, ulikuwa mmoja wao. Godoro juu ya baiskeli. Bibi ndani ya toroli. Mwanamke amebeba kuku mmoja kama mtoto. Nilifungua lango nikalitoa kabisa kwenye bawaba ili lisifungwe na mtu kwa hofu. Loku alikuwa kwenye maji, mimi kwenye uji. Nguo zangu za Idi zilijaa unga.

Jioni nikatoka nje kutazama kama kuna waliobaki. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye mfereji, mgongo amenipa. Mguu umevimba. Safari hii hakuwa na mlango, alikuwa na jembe tu, na amelifanya mkongojo. Nikazunguka mbele yake. Elena.

"Mbona huingii?" nikamwuliza.

Alizungumza polepole, akijua nasoma mdomo. "Nilikuachia mtoto. Sasa nikuachie na mimi mwenyewe?"

"Ingia, mwenzangu. Uji unapoa."

"Siku ile ya arusi sikujua kuongea," akasema. "Niliona jinsi Poni alivyokutazama, nikasema neno la dukani."

Nilimshika kwapani nikamwinua, ni mwepesi mno, Poni, amekuwa kama kuni. Nilimwosha ule mguu mwenyewe. Nyumba yake ilichomwa kweli, alikuwa porini na wenzake wakila mizizi, na simu yake ilichukuliwa barabarani. Alipoupata uji wa pili nikamwambia habari zako. Alisimama pale pale juu ya mguu ule ule mbovu, akauliza Kuluva ni upande gani. Alitaka kwenda kwa miguu!

Swaibu alikuwa ameshafika, gari limegeuzwa. Mfuko wangu ulikuwa mlangoni. Nakwambia kweli, nilikuwa nimeota jinsi nitakavyoshuka kwenye lile gari, na utakavyoniona. Lakini uani kulikuwa na watu waliojaa mpaka chini ya miti, na wenyeji ni mimi na Loku. Nikauchukua mfuko nikauweka mapajani mwa Elena. Nguo zote ni zangu, zitampwaya. Mwambie asione haya.

Mimi nipo. Ukizaa, niandikie.

Zuhurah


Kuluva, 15 Aprili 2025

Mama yangu,

Nimezaa. Ni msichana. Ametangulia kidogo, ni mdogo, lakini Ritah anasema kilio chake ni cha mtu mzima. Leo wameniruhusu kukaa, na ona, herufi zangu zimesimama.

Acha nikueleze siku Mama Elena alipofika. Nilikuwa nimelala, uso nimeuelekeza mlangoni, jua linanipiga machoni. Nikaona gauni lako la maua ya manjano limesimama mlangoni. Nikaita, "Mama!" kwa nguvu zote nilizokatazwa. Gauni likasogea, nikaona uso wa Mama Elena ndani yake. Niliita mmoja, wakaja wawili. Alipanda kitandani kwangu akiwa na mguu wake mbovu, tukalala pale kama sardini, na manesi wakajifanya hawaoni.

Amekuwa hapa tangu siku ile. Anafua, anagombana na kila mtu kuhusu uji, anasema wa hapa ni mwepesi, wa kwako ndio uji. Mtoto alipotoka, Ritah alimbeba akauliza, "Bibi yake ni nani, ampokee?" Mama Elena alikuwa amesimama pale pale, mikono amenyoosha. Nilimwona akiirudisha. Akasema, "Tuko wawili. Mwenzangu yuko Koboko anapokea watu. Mimi nampokea kwa niaba." Kisha akamchukua, na alimshika hivi, Mama, kwa uangalifu, kama kitu ambacho mwenyewe anakuja kukitazama.

Baadaye aliniambia nisikwambie hilo. Lakini tumeshaona siri zinavyotufanya.

Kenneth anamtazama mtoto hataki hata kupepesa. Tunatoka hapa wiki hii kwenda nyumbani Arua. Chumba cha chokaa kina vitanda viwili sasa.

Jina lake tumempa. Siliandiki hapa. Nataka ukae mbele yangu, nilitamke, ulisome mdomoni mwangu.

Mwanao,
Poni


Koboko, 18 Aprili 2025

Mwanangu,

Alhamdulillahi. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini uani nikaisoma tena, mpaka watu wakafikiri nimepata msiba. Ikabidi niwaambie. Wanawake walipiga vigelegele, naona, maana midomo yote ilikuwa wazi na ndimi zinacheza. Mmoja, hata jina lake sijalijua vizuri, alinibeba juu.

Wengi wameshahamishwa kwenda Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi. Waliobaki ni wachache, na wanajua kila kitu kilipo kuliko mimi. Juzi nilitafuta mwiko wangu nikaambiwa na mtoto.

Candiru amerudi kutoka Dadamu. Alisimama langoni na wanawe hataki kuingia, anaona aibu kwamba aliniacha. Nikamwambia mwenye watoto hana aibu ya kukimbia, tena wewe ulitaka niende nawe, nami nikakataa. Alilia sana. Sasa yuko jikoni kwangu, amenivua ufunguo wa nyumba shingoni kwa mkono wake, ameniambia nisionekane hapa kabla ya mwezi kuisha.

Mwambie Elena gauni la manjano ni lake, linampendeza mwembamba. Mwambie pia uji usimwachie mtu mwingine.

Swaibu anakuja Arua leo na barua hii, kisha anarudi Jumamosi kunichukua. Amesema nitakaa kiti cha mbele.

Barua hii usiijibu. Sitakuwepo nyumbani kulisoma jibu.

Mama yako,
Zuhurah